Nani Alilipia Shule za Wahindi?

Dar es Salaam na Mombasa husemwa kwamba Wahindi walijitenga kwa hiari yao: walijenga shule zao wakafunga mlango. Wenyewe nao wana masimulizi yao, ila wao huyatoa kwa fahari: tulijijengea, hatukumwomba mtu senti. Kauli zote mbili hazisimami mtu akianzia Bagamoyo.

Waliowahi kulazwa au kuuguza Muhimbili wanaijua wodi ya Sewahaji. Mwenye jina hilo ni Sewa Haji Paroo, mtoto wa Makhoja waliohamia kutoka Kutch, aliyetajirika kwa kuuzia misafara ya bara bidhaa na kuitafutia wapagazi. Mwaka 1896, mwaka mmoja kabla hajafariki, aliwakabidhi Wajerumani jengo la shule Bagamoyo kwa sharti moja: watoto wa rangi zote wapokelewe. Shule ya Msingi Mwambao ya leo inatokana na zawadi hiyo. Kwa hiyo fedha ya mhamiaji, fedha binafsi kabisa, ilianza kwa kujenga shule ya wote. Vitabu vya historia ya elimu vinavyowataja wamisionari kurasa hamsini humpa Sewa Haji nusu mstari, kama vinampa.

Alidina Visram, ambaye ujanani alikuwa karani wake, alifariki 1916. Mwanawe akajenga shule Mombasa kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa 1923 na kuendeshwa na serikali. Mtindo ni uleule, tajiri anatoa na serikali inapokea, lakini safari hii shule ilikuwa ya Wahindi tu. Katikati ya shule hizi mbili palipita nini? Kenya kulikuwa na ripoti ya Profesa Nelson Fraser ya 1909, iliyopendekeza kila rangi isomeshwe kivyake, Mwafrika apewe zaidi kazi za mikono. Nairobi tayari palikuwa na shule ya watoto wa Wahindi wa reli tangu 1906, ile ambayo sasa ni Jamhuri. Hiyo nayo haikuwa ya kujitolea. Ilikuwa ya serikali.

Tanganyika ndiko mambo yanakoonekana vizuri zaidi. Ukizifungua ripoti za mwaka za Idara ya Elimu za wakati wa Mwingereza utakuta Wazungu wana sehemu yao, Wahindi yao, Waafrika yao, kila kundi na hesabu zake. Kuanzia miaka ya 1920 shule za jumuiya za Kihindi zilipata ruzuku. Kamati ilitafuta nyumba na kuleta walimu kutoka Gujarat. Mkaguzi akaja akaangalia vyeti vya walimu na daftari la mahudhurio. Akiridhika, serikali ikachangia. Pengo lililobaki lilizibwa na ada, na mzazi aliyeshindwa ada alipeleka shida yake jamatini au kwa wazee wa jumuiya. Huo ndio uliokuwa msaada kwa familia ngeni iliyoshuka jahazini jana. Ofisi ya ustawi wa jamii haikuwapo.

Miaka ya 1930 ikaja kodi ya elimu kwa wasio Waafrika. Fundi cherehani wa Kihindi sasa alilipa mara tatu: kodi, ada, na mchango wa jengo. Hapo masimulizi ya "hatukuomba senti" yanakufa, kwa kuwa ruzuku ilipokelewa. Na madai mengine, ya "walipendelewa tu", yanapata doa, kwa kuwa walilipishwa. Mwafrika naye alilipa kodi ya kichwa, na mwanawe mara nyingi akaachiwa misheni. Mfuko ukishatengwa kwa rangi, shule haiwezi kuchanganyika hata wazazi wakitaka. Wanaowalaumu wazazi kwa kutaka Kigujarati na dini darasani wangeanza kwanza na hazina ya serikali. Mzazi gani aliye ugenini hataki mwanawe aweze kuandika barua kwa bibi yake? Na Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Makhoja Waismailia, ambaye shule yake ya kwanza Afrika Mashariki ilifunguliwa Zanzibar 1905, alikwishakubali kwamba kusomesha jumuiya yake pekee hakutoshi: kuanzia 1945, kupitia Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, alichangia shilingi kwa kila shilingi iliyokusanywa, zikajengwa shule za Waislamu Waafrika.



Ya baadaye yanajulikana. Januari 1962 Tanganyika iliunganisha mifumo ya rangi kuwa mmoja, na sheria ya 1969 ikaipa serikali nguvu ya kuzitwaa shule za ruzuku. Shule ya wavulana ya Aga Khan ikawa Tambaza, na ya masista wa Mtakatifu Yosefu ikawa Forodhani. Wengi huliita tendo hilo unyang'anyi. Mimi naliona lilifanana na sharti la Sewa Haji kuliko watu wanavyokubali, ingawa yeye alitoa na wale walichukuliwa shule zao. Kenya ilichukua njia nyingine: baada ya Tume ya Elimu ya Ominde ya 1964 rangi iliondolewa kwenye masharti ya kuingia, lakini shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza ada kubwa kuliko zilizokuwa za Waafrika.