Abiria Akae, Mandhari Ipite: Mitambo ya Safari ya Paris, 1900

Jukwaa linalomfanya mtazamaji ajione safarini ilhali hajaondoka mahali pake lilifikia kilele cha ufundi wake katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, yaliyovuta watu wapatao milioni 50. Vivutio viwili vya maonyesho hayo, Mareorama na panorama ya Reli ya Siberia, vilijengwa kwa kanuni moja: abiria anakaa, mandhari inapita.

Chimbuko lake ni la zamani zaidi. Mwaka 1787 mchoraji Robert Barker alipata hataza ya picha ya duara iliyomzunguka mtazamaji pande zote, ingawa haikusogea. Katika karne ya 19 wachoraji walianza kuviringisha turubai ndefu kutoka gogo moja hadi jingine. Hivyo ndivyo John Banvard wa Marekani alivyowapitishia watazamaji kingo za mto Mississippi kuanzia mwaka 1846. Mwaka 1899, katika tamthilia ya Ben-Hur huko New York, farasi walikimbia jukwaani juu ya mikanda iliyorudi nyuma chini ya kwato zao, huku mandhari ya kuchorwa ikipita nyuma yao.

Panorama ya Siberia iliwaketisha watazamaji ndani ya mabehewa ya kifahari ya kampuni ya Wagons-Lits. Msafiri wa kweli huona kokoto za kando ya reli zikimpita mbio na milima ya mbali ikijikokota, hivyo picha moja isingetosha kumhadaa. Mafundi walipanga tabaka nne. Karibu na dirisha, ukanda uliobeba mchanga na mawe ulikwenda mita 300 kwa dakika. Nyuma yake vichaka vya kuchorwa vilikwenda mita 120, tabaka la tatu mita 40, na mandhari ya mbali kabisa mita 5 tu. Safari ya Moscow hadi Beijing, ambayo kwa kweli ingechukua takriban majuma mawili, ilimalizika chini ya saa moja.

Mareorama, kazi ya mchoraji Hugo d'Alesi, ilikuwa ngumu zaidi. Watazamaji walisimama kwenye sitaha ya meli yenye urefu wa mita 33, na turubai mbili, kila moja ya mita 750, zikapita kushoto na kulia zikionyesha Villefranche, Sousse, Naples, Venice na Constantinople. Sitaha iliwekwa juu ya egemeo lililoiwezesha kuinama kila upande: omo ilipanda tezi ikishuka, kisha chombo kikalala ubavu. Upepo wa feni ulipitishwa kwenye mwani ili ulete harufu ya bahari, taa zikageuza mchana kuwa usiku, na waigizaji wakafanya kazi za mabaharia.

Mitambo hiyo ilihitaji majengo makubwa na turubai nyingi, na sinema ikaipiku haraka. Mwaka 1904, huko St. Louis, George Hale, aliyewahi kuwa mkuu wa zimamoto wa Kansas City, alionyesha behewa ambalo mbele yake filamu ilichukua nafasi ya picha ya kuchorwa. Mtikiso ulibaki. Vifaa vya leo vya kufundishia marubani hutumia mchanganyiko uleule: jukwaa linaloinama, na picha inayopita kwa mwendo unaolingana nalo.