Dakota ya Jana juu ya Nchi ya Leo

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, mahali ambapo njia ya Ruangwa na Nachingwea huchepuka. Nchi hii, inayojulikana leo kwa korosho na ufuta, ilivamiwa na mitambo mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yafaa tukumbuke kwamba wajumbe wa John Wakefield, waliotumwa mwaka 1946 kuichunguza ardhi hiyo, walizunguka kwa sehemu kubwa kwa ndege. Kutoka juu, pori huonekana tambarare na laini. Ugumu wa udongo na mizizi ya miti hauonekani. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi.

Tumeyataja hayo kwa sababu siku hizi kuna watu, wengi wao vijana, wanaozifufua ndege za zamani ndani ya kompyuta. Mojawapo ni DC-3, ambayo watu wengi waliizoea kwa jina la Dakota. Ndege hii iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba, 1935, na pamoja na zile za kijeshi ziliundwa zaidi ya 10,000. Nchi za Afrika Mashariki nazo ziliitumia kupitia Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza safari mwaka 1946 likiwa na ndege ndogo sita za mbawa mbili aina ya Dragon Rapide, likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe. Mwaka 2022 Dakota iliingizwa katika programu mashuhuri ya kuiga urukaji, iitwayo Microsoft Flight Simulator.

Kazi hiyo si mchezo, ingawa matunda yake huchezewa. Fundi huanza na michoro ya kiwandani na vitabu vya rubani. Umbo likishachorwa, huja jambo gumu zaidi, yaani tabia ya ndege: uzito wake, mahali uzito huo unapokaa, nguvu za injini zake mbili zenye silinda 14 kila moja, na mwendo ambao ikipungua chini yake mbawa hushindwa kuibeba. Nambari moja ikikosewa, kitu kinachoruka kitafanana na Dakota kwa sura tu. Gurudumu lake dogo liko mkiani, hivyo ikiwa chini pua yake huinuka na kumzuia rubani kuona vizuri mbele. Fundi mwaminifu huuacha usumbufu huo ulivyo. Mlio wa injini nao hurekodiwa kutoka ndege chache ambazo bado zinaruka.

Lakini hapa ndipo sisi wa kusini tunapokuwa na neno. Ardhi inayoonekana chini ya ndege hiyo hutokana na picha zilizopigwa na setilaiti siku hizi. Kijana akiirusha Dakota kutoka Lindi akafuata bonde la Lukuledi kuelekea Nachingwea, atakuwa ndani ya chombo cha miaka ya 1940, huku chini yake ikitanda nchi ya leo. Hataiona reli iliyofika Nachingwea mwaka 1949 kwa ajili ya karanga, kwani ilifungwa katika miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Wala hatayaona mashamba ya mpango, sembuse watu waliong'oa visiki.

Ndege imehifadhiwa kwa sababu kiwanda kiliacha karatasi. Kibarua wa Nachingwea hakuachiwa karatasi. Habari zake zimo vinywani mwa watoto na wajukuu wake. Kwa maoni yetu, shule za Ruangwa na Nachingwea zinaweza kuifanya kazi ambayo fundi wa mbali hawezi: wanafunzi wawaulize wazee tuta la reli lilipita wapi, uwanja wa ndege ulifyekwa na nani na kwa ujira gani, kisha wachore ramani ya mwaka 1949. Ramani kama hiyo yaweza kuingizwa katika programu ileile, chini ya mbawa za Dakota.