Konokono kama Mwathirika: Historia ya Dhana Moja ya Kichocho na Maana Yake kwa Mwambao wa Ziwa Mweru

Makala haya yanafuatilia dhana moja katika historia ya kichocho, yaani nafasi aliyopewa konokono wa maji baridi. Kwa zaidi ya karne moja konokono huyo ameandikwa kama mshtakiwa: "msambazaji", "chanzo", "adui". Wakati huohuo maabara zilikuwa zikikusanya ushahidi kwamba yeye mwenyewe huathiriwa vibaya na minyoo bapa anaodaiwa kuwasambaza. Hoja yetu ni kwamba tofauti hii ya istilahi ina uzito wa kisera mahali kama Nchelenge, ambako maji ya kuogea, ya kufulia na ya kuvulia samaki ni yaleyale, na ambako kichocho cha mkojo na cha matumbo vyote vipo.

Istilahi za Kiswahili zinahusika hapa kuliko inavyodhaniwa. Livingstone alipolifikia Ziwa Mweru Novemba 1867, mfanyabiashara Muhammad bin Salih alikuwa tayari akiishi kwa Mwata Kazembe, na Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama upande wa mashariki mwaka uleule. Hata leo, anayevuka kutoka Nchelenge, penye wasemaji wa Kibemba na lugha za jirani zake, kwenda Kilwa ya Kongo hufikia penye Kiswahili. Wavuvi huvuka, na kichocho hakina pasipoti.

Theodor Bilharz alimtambua mnyoo huyu Cairo mwaka 1851, lakini njia yake ya kumwingia binadamu ilibaki fumbo kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki walimpata konokono husika nchini Japani. Mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha jambo hilo Misri kwa konokono wa Kiafrika. Leiper alitoa pia pendekezo la kivitendo: mnyororo ukatwe kwa kumwangamiza konokono. Pendekezo hilo ndilo lililoongoza sera, kwanza kwa salfati ya shaba, kisha kwa niklosamidi kuanzia miaka ya 1960. Kazi za uainishaji, kama ile ya Mandahl-Barth iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1957 na 1958, ziliwatenganisha Biomphalaria na Bulinus kwa umakini mkubwa. Hata hivyo mtumiaji wake wa kwanza alikuwa mtu mwenye sumu mkononi akitaka kujua aimwage wapi.

Sasa tumwangalie konokono mwenyewe. Yai la mnyoo likifika majini pamoja na kinyesi au mkojo, huangua kiluwiluwi ambacho kina muda wa takriban siku moja tu kumpata konokono afaaye. Kikishapenya, hugeuka mfuko unaozaa mifuko mingine, nayo huhamia kwenye tezi ya usagaji chakula na kufyonza akiba ya sukari. Baada ya wiki nne hadi sita hivi, konokono huanza kutoa sekaria, mamia na pengine maelfu kwa siku, hasa jua likiwa juu. Konokono hawa ni huntha, lakini uhuntha huo hauwasaidii: tezi inayotengeneza ute wa mayai hunywea, na utagaji hupungua au hukoma kabisa. Kwa lugha ya mfugaji, mnyoo amemhasi. Isitoshe, konokono aliyeambukizwa kwa kawaida hufa mapema kuliko wenzake.

Mwaka 1981 Minchella na Loverde walionyesha kwamba Biomphalaria glabrata aliyekutana na kimelea huongeza utagaji mwanzoni, kana kwamba anawahi kabla mlango haujafungwa. Watafiti wa Uholanzi, wakichunguza kimelea cha bata ndani ya Lymnaea stagnalis, walipata kemikali inayozuia homoni za uzazi, tena ikitoka katika mwili wa konokono mwenyewe. Utafiti wa baadaye kwa Biomphalaria haukuithibitisha kuwa sababu ya kuhasiwa huko. Katika Kiswahili "mwenyeji" humpokea mgeni kwa ridhaa. Istilahi "mwenyeji wa kati" ni sahihi kitaalamu, lakini inaficha kwamba mgeni amemgeuza mwenyeji kuwa shamba lake.

Kwa mshauri wa sera, matokeo ni haya. Tafiti nyingi za Afrika huwakuta konokono wanaotoa sekaria wakiwa asilimia chache tu ya waliokusanywa. Kizazi kijacho hutoka kwa wengi walio wazima, nacho huzaliwa bila mnyoo. Kila konokono mgonjwa ameambukizwa upya kutokana na uchafu wa binadamu. Hatukatai kwamba udhibiti wa konokono umefanikiwa mahali pengi. Tunachosema ni kwamba ufukweni mwa Mweru sumu itawaua wengi wasio na mnyoo, wachache wanaosalia watazaana upya, na kambi ya wavuvi isiyo na choo itawaambukiza wajukuu wao. Dawa ya prazikwanteli mashuleni, ambayo azimio la mwaka 2001 la Baraza la Afya Duniani liliitilia mkazo, haimfikii mvuvi mtu mzima anayerudi majini kesho yake.

Niklosamidi huua samaki pia, katika ziwa ambalo serikali hulifunga kwa uvuvi kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miongoni mwao yumo Sargochromis mellandi, samaki wa asili wa bonde la Luapula na Mweru, ambaye chakula chake ni konokono. De Bont na De Bont-Hers waliandika kumhusu katika jarida la Nature mwaka 1952, wakimpendekeza kwa mabwawa ya samaki ya Afrika ya Kati. Huyo huvunja gamba la konokono mzima na la mgonjwa bila kubagua.