Desturi ya Kugawana Maji Kahendero

Kahendero ni mwalo wa wavuvi katika Ziwa George, wilayani Kasese. Ziwa lina takribani kilomita za mraba 250, na kina chake cha wastani hakizidi sana mita mbili. Katika maji haya machache, nani huamua wavu utegwe wapi?

Jibu la kwanza limo katika sheria. Mwaka 1952 ilianzishwa hifadhi ya taifa ambayo leo huitwa Queen Elizabeth; Kahendero ikabaki ndani yake, na kulima hakuruhusiwi. Serikali iliweka kikomo cha mitumbwi yenye leseni. Mwaka 2003 sheria ilizipa kamati za mialo, zilizochaguliwa na jamii ya wavuvi, kazi ya kusimamia uvuvi.

Hata hivyo, leseni humruhusu mtu kuingia ziwani tu. Haimwonyeshi pa kutega. Hapo ndipo desturi inapoanza. Nyavu hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Aliyetangulia huachiwa nafasi yake. Anayemfuata hutazama boya la mwenzake na kukaa mbali nalo. Akipuuza, nyavu hunasana gizani, na mmoja hukatwa. Kwa asiye na shamba, wavu uliokatwa ni njaa nyumbani.

Historia ya uvuvi huhesabu leseni na kuusahau uungwana huu kwa sababu haukuandikwa. Naona tuwaulize wazee wa mwaloni mapema, kabla hawajaondoka nao.