Mavazi Yaliagizwa, Mtu Akaja Nayo

Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, wengi huijua kwa sababu ya Joy Adamson na simba wake Elsa. Lakini kabla ya Elsa, mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa Joy kazi ya kuchora Wakenya wakiwa na mavazi yao ya jadi, kabla hayajapotea. Alichora mamia.

Hapa Nakuru najifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta, na zoezi langu ni kunakili mmoja wa wazee hao. Rafiki yangu akaniuliza, ati mbona unamwiga mkoloni? Swali si geni. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere miaka ya 1930, hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya.

Jibu nililipata nikichora. Shanga zilikuwa rahisi. Ngozi ndiyo ilinisumbua. Nilitia kivuli kwa rangi nyeusi, uso ukafa. Nikafuta, nikachanganya kahawia na buluu, kisha nikaongeza wekundu kidogo shavuni. Mafuta hukauka polepole, kwa hivyo kila baada ya siku kadhaa nilirudi kwa uso uleule.

Wiki ya tatu nikaona kitu: kumbe jicho moja la mzee limekunjwa kidogo, kama mtu aliyechoka kukaa. Serikali iliagiza mavazi tu. Lakini mavazi hayaketi kitini yenyewe. Sasa ninayemnakili ni yeye, si Joy.