Raundi 27

Mota yenye kasi ni ile yenye waya kidogo. Mwambie hivyo kijana anayetaka gari lake la rimoti likimbie zaidi, atakubishia mpaka jioni, kwani tumezoea kwamba ukitaka zaidi unaongeza. Lakini nenda kwa fundi anayewaindi mota za drili na blenda, muulize itakuwaje akipunguza raundi za waya. Atakwambia itakimbia, itachemka, na baada ya hapo utairudisha kwake ikinuka.

Nataka tuitazame historia ya jambo hili, ndugu msomaji, kwa sababu ndani yake kuna ugomvi ambao vijana wa mjini tunaujua vizuri hata kama hatujawahi kushika gari la namna hiyo: mwenye pesa na asiye nazo wakisimama kwenye mstari mmoja, nani anaruhusiwa kununua mwendo?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1834 mhunzi mmoja wa Brandon, jimbo la Vermont, Marekani, jina lake Thomas Davenport, alitengeneza mota inayozungushwa na betri. Inasimuliwa kwamba mkewe Emily alichana gauni lake la hariri la harusi ili vipande vyake vizungushiwe waya zisigusane. Mwaka 1837 Davenport akapata hataza. Na ili watu waamini, aliunda kigari kidogo kinachozunguka kwenye reli ya duara, kwa hiyo mota na kigari cha kuchezea walizaliwa karibu pamoja. Mota yake ilifanya kazi. Kilichomwangusha ni betri: zinki iliyoliwa humo ilikuwa ghali mno ukilinganisha na makaa ya injini ya mvuke. Jamaa akafilisika, akafariki 1851. Mshike betri huyo, tutakutana naye tena.

Turuke sasa mpaka Japani. Kampuni ya Mabuchi ilianzishwa mwaka 1954, ikajenga jina kwa mota ndogo za kuchezea, kisha ikaingia kwenye vyombo vya muziki. Waliowahi kufungua redio kaseti mbovu ili wapate kile kimota cha ndani wanajua familia ninayoizungumzia. Huko Shizuoka nako kulikuwa na Tamiya, kampuni iliyoanza 1946 na biashara ya mbao kabla ya kuhamia kwenye magari ya kuunda mwenyewe. Mwaka 1976 Tamiya ilitoa gari lake la kwanza la rimoti, Porsche 934 ya kipimo cha 1/12. Mwaka 1979 yakaja ya kupita kwenye vumbi na mchanga. Ndani yake mlikuwa na mota ya Mabuchi, saizi ya 540.

Sasa sikiliza mchezo uliochezwa mwaka 1984. Tamiya ilitoa magari mawili, Grasshopper na Hornet. Ukiyavua bodi utashangaa: beseni la chini ni lile lile. Magurudumu yalitofautiana kidogo, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye mota. Grasshopper, gari la bei poa, lilipewa 380, kimota chenye kipenyo cha karibu milimita 28. Hornet likapewa 540, yenye karibu milimita 36. Na gia ya lile la bei poa ilikuwa tayari na nafasi ya kuingiza mota kubwa! Yaani mtoto alinunuliwa gari la polepole ambalo tangu kiwandani lilikuwa linangoja mwendo. Mimi naona hiyo ni biashara ya watu wenye akili sana, na sijui niwapigie makofi au niwazomee.

Basi watoto wa Marekani, Uingereza na kwingineko wakaanza kubadilisha. Hapo ndipo wengi walipokutana na somo la kwanza: mhimili wa 380 ni wa milimita 2.3 na wa 540 ni karibu milimita 3.2, kwa hiyo kile kigia cha mbele, pinioni, hakihamishiki. Lazima ununue kingine. Mota moja inaleta pinioni, pinioni inaleta swali la gia, na gia inaleta swali la betri.

Baada ya 540 ya kawaida, iliyo na raundi takriban 27 za waya kwenye kila jino la rota, mtu akataka zaidi. Saizi ikabaki ile ile, kinachobadilika ni raundi. Hebu tuseme sababu, maana hapa vitabu vingi huruka. Mota inapozunguka inageuka pia kuwa dainamo, kama ile ya baiskeli, na umeme inaozalisha unasukumana na ule wa betri. Mota huongeza mizunguko mpaka misukumo hiyo miwili ikaribiane. Waya ukiwa wa raundi nyingi, inafika hapo mapema, ikiwa bado taratibu. Punguza raundi, italazimika kukimbia sana ndipo ifike. Tena raundi zikipungua nusu unapata nafasi ya kuweka waya nene maradufu, na ukinzani unashuka mpaka robo. Umeme unamwagika. Lakini kwa kila ampea moja mota hiyo ina nguvu kidogo ya kusokota kuliko ya kwanza, kwa hiyo wakati wa kuondoka inakunywa ampea kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana ushauri wa wazee wa mchezo ulikuwa: raundi chache, pinioni ndogo. Kijana anafunga mota ya raundi 15, anaacha pinioni kubwa ya zamani, anazunguka mara tatu uwanjani, kisha moshi. Au kinachoungua ni kile kidhibiti mwendo cha kizamani, chenye mkono unaosukumwa na sevo juu ya vipande vya shaba na rezista inayochoma kidole.

Halafu betri. Katika miaka ya 1980 betri ya kawaida ya mchezo huu ilikuwa seli sita za nikeli na kadimiamu, volti 7.2, miliampea 1200 kwa saa. Chukua kalamu. Hiyo ni ampea 1.2 kwa dakika 60, sawa na ampea 72 kwa dakika moja. Mbio zikiwa za dakika 4, wastani wako hauwezi kuzidi ampea 18. Mota yako ikila 24, utang'ara dakika 3 halafu utasimama ukiwatazama waliokuwa nyuma wakikupita. Ilikuwa ni hesabu ya Davenport yule yule, miaka 150 baadaye. Mshindi hakuwa mwenye mota kali kuliko wote. Alikuwa yule aliyevuka mstari betri ikiwa inakata roho.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya 1/10 ya njia ya vumbi yalifanyika Del Mar, California, mwaka 1985, na kufikia hapo mota zilizofungwa waya kwa mkono zilishakuwa na soko lake. Pesa ikaanza kunguruma. Chama cha Marekani kiitwacho ROAR, kilichokuwepo tangu 1967, kilikuwa na dawa: daraja la mota za kawaida. Raundi 27, unene wa waya uliotajwa, kasha lililofungwa, na kile kifuniko chenye brashi kisigeuzwe, maana ukikigeuza kidogo mota inaongeza mizunguko. Yaani mtoto wa fundi na mtoto wa meneja wapate mota ile ile.

Unadhani ilitosha? Wapi! Wenye nazo walinunua mota za kawaida kwa mafungu, wakazipima moja moja, wakabaki na iliyotoka vizuri na kuziuza nyingine. Wengine walizizungusha kwa volti ndogo ndani ya glasi ya maji ili brashi zikae sawasawa. Hiyo ya maji naipenda, kwa sababu haikuhitaji mshiko, ilihitaji subira. Baadaye zikaruhusiwa mota za kawaida za kufungua, na palipo na kufungua pana mashine ya kuchonga komuteta, na mashine hiyo inauzwa.

Miaka ya 2000 ikaleta mota zisizo na brashi. Humo sumaku ndiyo inayozunguka na waya zimetulia, huku kidhibiti kikipokeza umeme kwenye makundi matatu ya waya. Glasi ya maji ikapoteza kazi. Raundi hazikupotea, ila hesabu ilibadilika: raundi 17.5 za mota mpya zikachukuliwa kuwa mwenza wa 27 za zamani. Ujanja nao ukahamia ndani ya programu ya kidhibiti, kwa hiyo klabu nyingi zikadai vidhibiti visivyoongeza chochote, vyenye kitaa kinachowaka na kuzima ili mkaguzi akione hata akiwa amesimama.

Grasshopper lilitolewa tena miaka ya 2000, na ndani ya boksi mlikuwa na 380. Ile nafasi ya 540 kwenye gia haikuzibwa.