Mtu Aliyekosa Kilatini

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na daftari la kemia lililojaa maneno ya Kiingereza niliyonakili ubaoni bila kuyaelewa. Mojawapo lilikuwa dipoli. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika, kengele ikalia. Matokeo yalipotoka, kemia nikapata F. Kaka yangu akaniambia, "Kichwa chako si cha sayansi, bwana." Nami nikaamini.

Siku hizi mchana nauza duka la mjomba, usiku naandika riwaya. Juzi nilikuwa bombani, maji yanatoka kwa kubembelezwa. Nikaangalia tone moja. Lilining'inia, likanenepa, likakataa kuanguka. Nikajiuliza: hili limeshikwa na nini?

Swali hilo likanipeleka maktaba, na huko nikakutana na Johannes Diderik van der Waals. Alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1837, mtoto wa fundi seremala, wa kwanza kati ya watoto kumi. Akawa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na kiu ya chuo kikuu, lakini kuna kitu kilimzuia, nacho si hesabu. Hakuwa amesoma Kilatini na Kigiriki, na bila lugha hizo hakuruhusiwa kufanya mitihani ya chuo. Akawa anahudhuria masomo kwa kuibia muda, huku akiendelea kufundisha. Baadaye sheria ikabadilishwa, wanafunzi wa sayansi wakasamehewa lugha hizo, mlango ukafunguka.

Mwaka 1873 akatoa tasnifu yake, umri ukiwa miaka 35. Alisema hivi: molekuli za gesi si nukta tupu, zina ukubwa wake, na tena zinavutana. Ndiyo maana gesi ikipoozwa na kubanwa hugeuka kimiminika. Wakati huo wapo wataalamu waliokuwa bado hawaamini kwamba molekuli zipo kweli!

Lakini zinavutana kwa sababu gani? Mwaka 1912 Mholanzi mwingine, Peter Debye, alionyesha kwamba baadhi ya molekuli zina ncha mbili, moja chanya na nyingine hasi. Kumbe ndiyo ile dipoli yangu! Chukua maji. Oksijeni huzivutia elektroni kwake kuliko haidrojeni, na kwa kuwa molekuli yenyewe imepinda, upande wa oksijeni huwa hasi kidogo na wa haidrojeni chanya kidogo. Basi chanya ya huyu hushika hasi ya jirani. Methani ina uzito unaokaribiana na wa maji, lakini haina ncha hizo. Huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, wakati maji hungoja mpaka 100. Mwaka 1930 Fritz London akaeleza kwamba hata zisizo na ncha huvutana, maana elektroni hazitulii, na ncha huzuka na kupotea kwa kufumba na kufumbua.

Sasa, ndugu msomaji, jambo lililoninyima usingizi ni hili. Tasnifu ile ya 1873 iliandikwa kwa Kiholanzi. James Clerk Maxwell, bingwa wa fizikia wa Uingereza, alipoisoma alisema imewafanya watafiti zaidi ya mmoja waanze kujifunza Kiholanzi. Yule aliyefungiwa nje kwa kukosa lugha za wakubwa, wakubwa wakajifunza ya kwake! Mwaka 1910 akapewa Tuzo ya Nobel.

Sidai kwamba mimi ni van der Waals. Kiingereza changu bado kinachechemea, na ile F haitafutika kwenye cheti. Ila jana usiku nilichukua daftari lile la zamani nikaliandika upya somo la dipoli, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili. Nikampa mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Akasoma, akanyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo lile tone linajishika lenyewe?"

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikarudi kwenye riwaya yangu.